Bado, Bi Liang

Siku kumi na nne mfululizo Bi Liang alimwuliza Swalha swali moja, na siku zote kumi na nne Swalha alimjibu ukweli. Balaa lilianzia hapo. Angesema uwongo mmoja tu, tena uwongo mdogo wa heshima, mambo yasingefika ofisini na mama wa watu asingehamishwa kazi. Lakini Swalha binti Mwanakhamis wa Kikwajuni alikuwa amefunga, na mtu aliyefunga anauchunga ulimi wake.

Ilikuwa Januari ya mwaka tisini na nane, katika jiji la Guangzhou. Swalha alikuwa na miaka ishirini na mbili. Wizara ilimleta asome Kichina kwa mwaka mmoja, kisha arudi Unguja akawe mkalimani wa madaktari wa Kichina hospitalini. Alikaa ghorofa ya tatu katika bweni la wanafunzi wa nje, chumba kimoja na Jepchirchir, msichana wa Kikenya kutoka Eldoret aliyekuwa akitoka mbio kila alfajiri kama anayefukuzwa. Bwenini mlikuwa na Wakorea, Warusi, vijana wawili wa Kiingereza waliopiga gitaa ngazini, na wengine ambao majina yao hakuwahi kuyashika. Wote walikuwa watu wema. Wote walimpungia mkono wakipita, wala hawakusimama. Kwao Kikwajuni, kutoka mlangoni mpaka dukani ni salamu kumi na mbili, na kila salamu ina mkia wake: hujambo, mama hajambo, na mguu wake je, umepoa? Hapa kabla hujafungua mdomo umeshamwona mtu kisogo.

Si kwamba Ofisi ya Wanafunzi wa Nje haikuwatafutia burudani. Haki ya Mungu, ilijitahidi. Karibu na lango palikuwa na ubao, na kila mwezi Mwalimu Zhou wa Ofisi alibandika karatasi ya waridi yenye shughuli zote: Jumatatu mpira wa meza, Jumatano kuandika kwa brashi, Ijumaa dansi, Jumapili kupanda kilima cha Baiyun. Swalha alikwenda zote mwezi wake wa kwanza. Kwenye dansi alikaa kiti cha ukutani na mtandio wake mpaka muziki ukazimwa. Kilimani walipiga picha ya pamoja, wakashuka. Alichokitamani yeye hakikuandikwa kwenye karatasi ile hata siku moja, nacho ni watu kukaa tu na kuzungumza maneno yasiyo na maana.

Ndiyo maana Bi Liang alimwingia moyoni. Bi Liang alikuwa bawabu wa lango, mama wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye koti la pamba la buluu na kibanda kidogo chenye jiko la makaa. Wanafunzi wengine walimwita Ayi, yaani mama mdogo, na hawakumwita zaidi ya hapo. Swalha moyoni mwake alimwita Bi Liang, kwa sababu mtu mzima haitwi jina tupu. Kila siku saa saba mchana, Swalha alipotoka darasani, mama yule alitoa kichwa dirishani akauliza:

"Sik jo fan mei a?"

Hicho hakikuwa Kichina cha darasani. Kilikuwa Kikantoni, lugha ya wenyeji wa Guangzhou. Swalha alikiandika kiganjani, akapanda nacho chumbani, akakifungulia kamusi neno kwa neno mpaka akakipata: umekula wali, au bado? Alifurahi siku ile kupita kiasi. Ilikuwa sentensi yake ya kwanza kuipata bila mwalimu. Na tamu zaidi ilikuwa maana yake: katika mji mzima ule kumbe yupo mtu mmoja anayejali kama yeye amekula. Tangu Oktoba akawa anamjibu, "Sik jo", nimekula. Ilikuwa kweli, maana kabla ya kufika langoni alikwishapita kantini, kwenye dirisha la chakula cha Waislamu.

Bi Liang hucheka, halafu humwonyesha picha iliyobandikwa juu ya jiko. Ni binti yake, aliyeolewa mbali, Zhanjiang. Hunyanyua vidole viwili na kusema polepole ili mgeni aelewe: mwaka mpya, siku ya pili, binti anarudi kwa mama. Siku hiyo kila binti wa Kichina aliyeolewa hurudi kwao, na wa kwake hakurudi mwaka jana wala mwaka juzi. Mwaka huu ameahidi. Bi Liang amekwisha kuomba ruhusa ya siku hiyo.

Kisha Ramadhani ikaandama.

*

"Sik jo fan mei a?"

"Mei," akajibu Swalha siku ya kwanza ya mfungo. Bado.

Bi Liang akatikisa kichwa, akarudi kwenye gazeti lake. Siku ya pili, bado. Siku ya tatu, bado. Siku ya nne Swalha akaanza kunung'unika peke yake ngazini. Mama gani huyu! Anauliza kama umekula, unamwambia bado, wala hasemi karibu? Kwao mtu akikukuta hujala anakukaribisha, hata kama chungu kina kijiko kimoja. Wewe utasema starehe, hutakula, lakini umekaribishwa. Kuuliza bila kukaribisha ni uchoyo au ni umbea. Na bado kesho yake alipita palepale, saa ileile, kwa sababu siku nzima hakuna mwingine wa kumwuliza chochote.

Siku ya tisa Bi Liang alitoka kibandani na andazi la mvuke, limefungwa kwenye gazeti, la moto. Akamtia mkononi. Swalha akalitazama. Ndani mna nyama, na nyama ya nini, Mungu ndiye ajuaye. Na hata ingekuwa ya mbuzi, jua lilikuwa utosini. Alilitafuta neno la kufunga katika Kichina chake chote, asilipate. Hawakufundishwa. Walikuwa wamefundishwa kununua tikiti ya treni na kusifu mandhari.

"Siwezi kula," akasema, akalirudisha kwa mikono miwili.

"Huwezi kula?"

"Siwezi. Siku nyingi. Mwezi mzima."

Bi Liang akamshika kiwiko, akakibinya juu ya sweta kama mtu anayepima kuku sokoni. Uso ukasawijika. Swalha alimshukuru mara tatu, akapanda zake.

*

Jumanne ya wiki ya pili, karatasi ya waridi ilisema: saa kumi na moja jioni, ukumbini, kutengeneza sambusa za kuchemsha kwa ajili ya mwaka mpya, wote mnakaribishwa. Swalha alikwenda kwa kuwa imeandikwa wote. Alisukuma unga, akakata maduara, akawaachia wengine kujaza nguruwe. Jua lilikuwa bado halijazama. Sambusa zikaletwa zinafuka moshi, watu wakala, yeye akakaa na mikono yake mapajani.

Mwalimu Zhou akagonga kikombe. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Leo pamoja na furaha yetu," akasema, kwanza kwa Kichina, kisha kwa Kiingereza asibaki mtu hajaelewa, "tunamkumbuka mwenzetu mmoja aliye katika dhiki. Mwanafunzi Sawala, kutoka Tanzania, kwa siku nyingi hana chakula, na kwa haya yake hakumwambia mtu. Bweni letu ni nyumba moja. Wenzake wamemchangia."

Sawala ndiyo Swalha kwa ulimi wake. Akatoa bahasha nyekundu. Ndani yake mlikuwa na tikiti za kantini za mwezi mmoja. Watu wakapiga makofi. Mkorea mmoja akasimama, na wenzake wote wakasimama. Mmoja wa vijana wa gitaa akampigapiga begani na kumwambia asijali, yamempata hata yeye alipokuwa Paris.

Swalha aliipokea bahasha. Angefanya nini? Macho arobaini yako juu yake. Kwao, siku walizokula mhogo kwa chumvi, mama yake alifunga dirisha la uani kwanza, ndipo akaandaa. Leo yeye anapigiwa makofi kwa njaa, na Jepchirchir yupo meza ya pili, naye anapiga.

Asubuhi yake alikuwa wa kwanza mlangoni kwa Ofisi.

"Nani amekwambieni sina chakula?" akauliza. Alisahau hata kutoa salamu.

"Ayi wa langoni," akasema Mwalimu Zhou. "Alikuja kwa nia njema. Anasema kila siku anakuuliza na kila siku unamwambia hujala. Amekupa andazi, umelikataa. Umemwambia huwezi kula."

"Nimefunga, mwalimu. Ni Ramadhani. Usiku nakula."

Mwalimu Zhou akageuka mwekundu mpaka shingoni. "Ofisi haikuarifiwa," akasema. Akachukua karatasi. "Sasa mwanafunzi anaomba tufanye nini?"

"Nataka yule mama asiniulize tena. Kula kwangu hakumhusu."

Mwalimu Zhou akaandika. Swalha aliona kwamba anaandika maneno mengi kuliko yale aliyoyasema, lakini wakati ule hasira ilikuwa bado inampanda, hakuuliza.

Saa saba mchana alipita langoni na kichwa juu. Dirisha lilikuwa wazi. Bi Liang alikuwa nyuma ya gazeti, na gazeti halikushuka. Ijumaa, kibandani alikaa mwanamume mwenye kofia ya manyoya ambaye hakumwuliza mtu kitu.

*

"Ulimripoti yule mathe?" akauliza Jepchirchir. Alikuwa anasokomeza nguo kwenye begi. Ofisi ilikuwa inawapeleka wanafunzi Guilin kwa likizo ya mwaka mpya, wiki mbili, kila kitu bure.

"Nilisema asiniulize tu."

"Wamemtupa kwa chumba ya maji moto. Hapo nyuma. Moshi yote inamwingia kwa macho."

Swalha alilijua hilo. Alikwishamwona. Kila jioni wanafunzi hupeleka chupa zao za chai kwenye chumba cha maji ya moto, nyuma ya bweni, na tangu Jumamosi aliyefungua bomba alikuwa Bi Liang. Alipoiona chupa ya Swalha aliipokea, akaijaza, akaifunga kifuniko, akaiweka chini. Hakumpa mkononi.

"Si ukuje tu na sisi," akasema Jepchirchir. "Hii nyumba itakuwa haina mtu. Utakaa ukifanya nini?"

"Kumi la mwisho la Ramadhani hili. Siwezi kuwa njiani kumi la mwisho."

"Sawa. Lakini ile harambee walikufanyia, usinikasirikie, tafadhali. Karatasi ilikuwa Kichina tupu na nilikuwa nakimbia darasa. Nilisign nikidhani ni ya party."

"Na ulipoona ni yangu, ukapiga makofi."

"Sasa ningefanya nini, na kila mtu anapiga?" Jepchirchir akaketi juu ya begi. "Woiye, Swalha. Pole."

Alimwachia jiko lake la umeme, lililofichwa chini ya kitanda kwa kuwa ni marufuku, na chupa nusu ya asali. Basi la Guilin likaondoka Alhamisi asubuhi. Kufika jioni bweni zima lilikuwa kimya, na Swalha akawa anasikia maji yakishuka kwenye mabomba ya ukutani. Alifuturu akiwa amesimama dirishani, kwa sababu kukaa mezani peke yake kulimfanya aone vibaya zaidi.

*

Jumamosi alipanda basi mpaka Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla, kununua tambi na tende za Idi. Huko alimkuta Murshid, mtu wa Unguja mwenye duka la vitu vya watoto Dar es Salaam. Walifahamiana msikitini. Murshid alikuwa na miaka kama arobaini, safari yake ya saba hii, na alinunua wanasesere na madaftari huku akipiga mayowe kama yuko kwake.

"Dada Swalha! Swaumu yaonaje?"

"Alhamdulillahi, kaka Murshid. Shikamoo."

"Marahaba. Njoo unishikie hili boksi, huyu laopan ananiuzia wanasesere hawana macho."

Laopan, yaani tajiri mwenye duka, alikuwa mwanamke mnene aliyekuwa akifunga milango ya mbao, maana mwaka mpya ulibakisha siku nne. Alimwona Murshid, akacheka, akasema kwa sauti:

"Sik jo fan mei a?"

"Sik jo, sik jo!" akajibu Murshid. Nimekula, nimekula!

Boksi likamponyoka Swalha. "Kaka Murshid! Si umefunga?"

"Nimefunga, tena daku sikula, usingizi ulinishinda."

"Sasa mbona unasema uwongo na saumu yako?"

"Uwongo upi?"

"Amekuuliza kama umekula. Umemwambia umekula."

Murshid akamtazama, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. "Mtoto wa watu! Miezi minne chuo kikuu mnasomeshwa nini? Hii ni salamu! Huyu mama hana haja na tumbo langu. Sikiliza: wewe una homa, umelala, mwili wote unauma. Anaingia jirani, anakwambia hujambo. Unamjibuje?"

"Sijambo," akasema Swalha taratibu.

"Umesema uwongo?"

Swalha alikaa juu ya boksi la wanasesere, katikati ya njia, watu wakimpita na mikokoteni. Alihesabu. Siku kumi na nne. Siku kumi na nne mtu mzima amemwambia hujambo, naye amemjibu, sijambo sina, leo sina, kesho sina. Mama wa watu amefanya afanyalo kila mtu ukimwambia hivyo. Amekuletea cha moto, amekushika mkono, amekwenda kukutafutia msaada. Na yeye, binti Mwanakhamis, aliyechapwa na mama yake akiwa na miaka sita kwa kumpita mtu barazani bila ya kumwamkia, alikwenda ofisini kushtaki kwamba amesalimiwa.

"Unalia nini sasa?" akauliza Murshid, kicheko kimemkauka.

Akamsimulia. Murshid akamsikiliza mpaka mwisho, akavuta ndevu.

"Umekosa," akasema. "Hukujua, lakini umekosa. Mtake radhi kabla ya Idi. Usiingie Idi na deni la mtu. Mimi Jumatatu narudi nyumbani, lau si hivyo ningekusindikiza." Akamnunulia tende, na akakataa katakata kurudishiwa.

*

Jioni ileile alikwenda chumba cha maji ya moto. Alikuwa amelipanga la kusema, neno kwa neno, ndani ya basi.

"Bi Liang, nisamehe. Mimi sikufahamu. Niliharibu mimi."

Alilisema kwa Kichina cha darasani, na Bi Liang Kichina cha darasani alikisikia kwa taabu. Mama yule alirudi nyuma hatua moja. Akaangalia mlango, kisha chupa, kisha mlango tena. "Hakuna kitu, mwanafunzi, hakuna kitu," akasema haraka, akainama kufungua bomba. Swalha akaelewa kwamba anaogopwa. Hajawahi kuogopwa na mtu maishani mwake, na aliona bora angetukanwa.

Aliporudi, akasimama mbele ya ubao. Pembeni ya karatasi ya waridi palikuwa na orodha nyeupe ya zamu za sikukuu, na sasa alijua kusoma vya kutosha. Liang. Chumba cha maji ya moto. Siku ya kwanza hadi siku ya saba. Siku ya pili ilikuwa humo. Ruhusa ile ya kumngoja binti imekwenda na kibanda.

Jumatatu akamkuta Mwalimu Zhou anafunga kabati.

"Mwalimu, nafuta lalamiko langu. Nilikosea. Ilikuwa salamu."

"Vizuri," akasema Mwalimu Zhou, akatabasamu kwa unafuu. "Basi tumeelewana."

"Na mumrudishe langoni. Na siku ya pili apumzike, binti yake anakuja."

"Zamu zimekwisha kugawanywa. Wengine wana tikiti za treni mikononi. Baada ya sikukuu tutaona."

"Nitashika zamu yake mimi. Kufungua bomba najua."

Mwalimu Zhou akamtazama kwa huruma ya kweli. Alieleza kwamba mwanafunzi wa nje hawezi kukabidhiwa ufunguo wa chumba cha maji ya moto, akiungua itakuwaje? Kisha akamtakia heri ya mwaka mpya, akampa chungwa, akafunga mlango wa Ofisi kwa siku kumi na tano.

*

Mwaka mpya wa Wachina ukaingia Jumatano bila kishindo, kwa sababu fataki zilipigwa marufuku mjini. Maduka yote yalifungwa. Basi lilipita moja kwa saa, tupu. Swalha alifuturu tende za Murshid na maji, akangoja mwezi ambao kwa mawingu yale hakuutarajia kuuona. Msikitini walisema umeandama. Idi ikawa Alhamisi, siku ya pili ya mwaka wa Wachina. Ndiyo siku ileile Bi Liang aliyoiombea ruhusa.

Asubuhi alivaa buibui juu ya sweta mbili, akapanda mabasi mawili mpaka msikitini, akaswali nyuma ya bibi vizee sita wa Kichina waliovaa mitandio myeupe. Walimpa mkono, wakamchekea, wakaondoka na wajukuu zao. Hakuna aliyemwambia mkono wa Idi. Huko kwao saa hizi mama yake anapita nyumba hadi nyumba na sahani. Swalha alilia ndani ya basi waziwazi, na kondakta akageuka upande wa pili ili asimfedheheshe.

Chumbani alivuta jiko la Jepchirchir, akakaanga tambi kwa sukari, zabibu na iliki aliyokuja nayo kutoka nyumbani kwenye chupa ya dawa. Upande mmoja ziliungua. Akazipakua kwenye bakuli, akafunika kwa sahani, akafunga kwa kanga. Saa saba mchana akashuka.

Chumba cha maji ya moto kilikuwa na mtu mmoja tu. Bi Liang amekaa kwenye kigoda karibu na tanuri, amevaa koti jipya jekundu. Mbele yake, juu ya kasha lililogeuzwa, palikuwa na sufuria iliyofunikwa, machungwa sita, mabakuli mawili, na jozi mbili za vijiti. Geti la nje lilipolia aliinua kichwa upesi. Alikuwa mwanamume wa kofia ya manyoya, anakwenda zake. Bi Liang akainamisha kichwa. Jozi zote mbili za vijiti zilikuwa safi.

Kumwona Swalha, akasimama na kunyoosha mkono kupokea chupa. Swalha hakuwa na chupa. Maneno yote ya radhi aliyoyahifadhi yakamtoka kichwani, yakabaki yale ya kwanza, aliyoyaandika kiganjani mwezi wa Oktoba.

"Bi Liang," akasema. "Sik jo fan mei a?"

Siku kama ile hakuna anayesalimia hivyo. Siku kama ile watu hutakiana utajiri na heri. Bi Liang alilijua hilo, na alijua pia jibu, kwa kuwa tangu utotoni amelitoa mara elfu, mwenye shibe na mwenye njaa: nimekula. Alifungua mdomo alitoe. Akatazama lango. Akatazama sufuria.

"Mei," akasema. Bado.

Swalha akaifungua kanga, akaweka bakuli la tambi juu ya kasha, kando ya sufuria.

"Karibu," akasema kwa Kiswahili, kwa sababu neno hilo pia darasani hawakuwa wamemfundisha.

Bi Liang alivitazama vile vijiti vya pili, alivyomwekea binti yake. Kisha akavichukua, akavifuta kwa ncha ya koti lake jekundu ingawa vilikuwa safi, akampa Swalha mkononi.